Moshi wa Jirani

Tserenpil alikuwa muuza makaa ya mawe, na makaa hayo hayo ndiyo yaliyomfukuzia mke na mtoto.

Miaka minane alipandisha lori lake kwenye vilima vya kaskazini mwa Ulaanbaatar, akishusha magunia milangoni pa watu, na mitaa yote ya mahema ya sufu ilijua honi yake. Kisha binti yake Enerel, wa miaka mitatu, akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Alilazwa mara tatu katika baridi moja. Mara ya tatu daktari aliweka kalamu chini, akamwambia mke wa Tserenpil, Narmandakh, "Mama, mtoe huyu mtoto kwenye moshi."

Narmandakh akafunga mizigo, akaenda kukaa na mtoto kwa bibi yake mtoto huko Zavkhan, kwa wafugaji, mwendo wa mchana kutwa na usiku kucha kwa basi. Tserenpil alibaki kutafuta riziki. Akila alikula amesimama. Kitanda cha mtoto alikitandika kila asubuhi, ingawa hakuna aliyekilalia.

Jumapili alipiga simu. Mwanzoni Enerel aliuliza, "Baba, unakuja lini?" Miezi ikapita, siku moja akaipokea simu akihema, "Baba, mwanakondoo wangu amejua jina lake!" akamsimulia habari za mwanakondoo hadi mwisho, akaaga. Swali la lini hakuliuliza. Tserenpil akagundua kuwa lile swali, lililokuwa likimchoma, ndilo alilokuwa akilingojea wiki nzima.

Mwezi ule akauza lori. Akanunua paneli za sola, betri na hita ya umeme, akaongeza tabaka mbili za sufu kwenye hema lake. Jirani yake Damdin, mgane wa makamo, alisimama uani akimtazama akifunga paneli.

"Tserenpil, umekula nini leo? Mtu anauza lori ananunua vioo! Jua letu la baridi linatosha kukausha soksi tu."

"Soksi zako, kaka, hata jua la Gobi haliziwezi."

Watu wakacheka, lakini hita ilifanya kazi. Mchana ilikula jua, jua likizama ikala umeme wa gridi. Tserenpil akang'oa jiko, akaziba tundu la dohani, akampigia mkewe kwa furaha.

"Mama Enerel, humu ndani hakuna hata chembe ya majivu. Njooni."

Narmandakh akauliza, "Na jiko la Damdin je?"

"La Damdin lipo."

"Moshi haupigi hodi, Baba Enerel. Nikimleta nimfungie ndani kama kuku?"

Kila asubuhi Tserenpil alipanda juu ya hema kufuta masizi kwenye paneli zake, masizi ya majiko ya wenzake, na huko juu aliona mtaa mzima umelala chini ya moshi.

Majira ya kuchipua ikaja habari katika ofisi ya kata: mfuko mmoja wa uwekezaji ulikuwa tayari kubeba sehemu kubwa ya gharama za paneli na hita, mradi nyumba kumi zinazopakana ziingie pamoja, kila moja na mchango wake. Tserenpil akashika njia, mlango kwa mlango, kwa wateja wake wale wale wa makaa.

"Jana ulituuzia ugonjwa," mama mmoja alimwambia akiwa ameshikilia mlango, "leo unatuuzia dawa?"

"Ndiyo, mama. Na aliyeugua wa kwanza ni wangu."

Yule mama alimtazama, kisha akasogea apite.

Akapata wanane. Yeye mwenyewe wa tisa. Wa kumi alikuwa Damdin, naye hakutaka hata kusikia. Tserenpil akaacha kumbembeleza, akamwalika chai tu. Damdin akaja, akavua koti, akanywa bakuli mbili za chai ya maziwa yenye chumvi, usingizi ukamchukua pale pale alipoketi. Alipoamka alivuta pumzi ndefu.

"Hema lako halina harufu," alisema taratibu. "Marehemu mke wangu alikohoa miaka sita, mimi nikimwambia ni mafua." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Haya, leta hiyo karatasi nitie sahihi kabla sijarudiwa na akili."

Vuli ile dohani zote kumi zilikuwa kimya. Mwezi Mweupe ulipoandama, sikukuu ya mwaka mpya, Narmandakh na Enerel wakashuka kwenye basi. Mtoto alikuwa amekua, mashavu mekundu kwa upepo, akamwamkia baba yake kwa adabu kama mgeni. Siku tatu alicheza uani, akala buuz, madonge ya unga yenye nyama, kwa Damdin hadi tumbo likamuuma, akakohoa mara moja tu. Narmandakh alihesabu.

Siku ya nne, akivishwa viatu, Enerel aliuliza, "Mama, tunarudi nyumbani leo?"

Narmandakh aliinamisha macho. Tserenpil akaendelea kumfunga kamba za viatu, polepole, moja baada ya nyingine.

"Mwakani anaanza shule," Narmandakh alimwambia kituoni. "Mtaa wa chini yenu bado unafuka. Mtaa huo ukitulia, tutazungumza habari ya kurudi."

"Utatulia."

Tserenpil alisimama mpaka basi likapinda. Kisha akateremka hadi mtaa wa chini, akagonga mlango wa kwanza.