Mtaalamu wa Miguu

Semina ya siku mbili tu, na mume wake akarudi bingwa wa kusoma watu. Jirani akikuna pua, basi mwongo. Wifi akikunja mikono, basi ana wivu. Mke alisikiliza upuuzi huo wiki nzima mpaka ukamfika shingoni.

"Mimi hanifichi mtu kitu," alitamba jioni ile, macho kwenye simu. "Tazama miguu. Ikielekea mlangoni, ujue mwenyewe keshaondoka."

"Makubwa!" mke akasema. Alikuwa ukingoni mwa kochi, viatu mguuni, mkoba mapajani, sanduku kando ya mlango.

Bingwa hakuinua kichwa. Alitoka kwenye miguu akapanda kwenye mikono, akafika hadi kwenye nyusi, kisha akaliuliza kochi tupu chai iko wapi.