Gauni la Mabaki

Mama alinipotea kwa sababu ya bwana harusi. Alasiri tulikuwa tumekaa kwenye benchi ndani ya msitu wa hifadhi, ziwa likionekana vipande vipande kati ya miti, simu yangu ikaita. Mteja akaanza kunifokea kwamba suruali ya harusi niliyomshonea inambana. Nikasimama na kumpa mama mgongo ili nimjibu sawasawa. Mimi nikianza kumjibu mtu huwa simalizi haraka, ulimi wangu hauna breki. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

"Mama!"

Hakuna aliyeitika. Nikakata simu, bwana harusi bado anapiga kelele.

Msitu haukunitisha. Kilichonitisha ni maji. Tangu ugonjwa wa kusahau umpate, mama akiona maji anataka kufua. Nyumbani hufungulia bomba la jikoni akatumbukiza mapazia, viatu, chochote kilicho karibu. Juzi alifua redio yangu, akaianika kwenye kamba na vibanio. Na mtu wa namna hiyo nimemleta ziwani kwa hiari yangu, kwa sababu daktari alisema miti itamtuliza. Daktari mwenyewe haishi naye. Ninayeishi naye ni mimi, mtoto wake wa pekee, sina kaka wala dada wa kumpigia simu nikalia.

Nikashuka mbio njia ya ziwani, viatu mkononi. Nikamkuta mwanamume anampiga picha mkewe.

"Samahani kaka, hujamwona mama mmoja mzee, gauni la kijani?"

"Si hao hapo, dada," akasema bila kuniangalia, akinyoosha kidole. "Wamejaa."

Chini ya miti kulikuwa na kina mama wanafagia majani, wote wamevaa kijani. Mama hakuwa kati yao. Nilitaka kumtukana yule mwanamume kwa kunipotezea muda, halafu nikawaangalia tena wale kina mama, na kola za magauni yao nikazitambua kabla sijaziona nyuso. Zilikuwa kola zangu. Nimezishona mimi.

Sisi mafundi cherehani tuna kawaida yetu: kitambaa kinachobaki baada ya kazi ni cha fundi. Mwanzoni mwa mwaka dalali mmoja aliniletea majora ya kitambaa cha kijani nishone sare za wafanyakazi wa usafi. Wa wapi, hakusema, na mimi sikuuliza, kazi ilikuwa ya haraka. Kikabaki kipande kizuri. Mama alikuwa hana gauni la maana la kutokea, na kiolezo kilikuwa bado kiko mezani, basi nikamkatia kwa kiolezo kilekile, kola ileile, mifuko ileile miwili mikubwa ya mbele. Nikajiona mjanja kweli. Hata leo asubuhi langoni, mlinzi alipomwamkia, "Shikamoo mama, naona leo umechelewa zamu," akampitisha bila tiketi, nilidhani anamtania mzee kwa heshima. Nikacheka naye, mjinga mimi.

Nikaelewa kwamba hapa hakuna mtu atakayemzuia mama. Mzee aliyepotea, watu wangemshika mkono. Mfanyakazi anayeelekea kwenye matete ameenda kazini kwake, nani amuulize? Nilikuwa nimemshonea mama yangu nguo ya kutoonekana.

Nikaendelea kuuliza, sasa nikieleza uso badala ya nguo. Dada mmoja aliyekaa na wenzake kwenye mkeka akaguna.

"Yule bibi mwenye kovu kidevuni? Nimemuuliza choo kiko wapi, akaniambia nimfuate. Tumezunguka weee, mpaka miguu inawaka moto! Mwisho ananiambia hata yeye ni mgeni hapa."

"Ameelekea wapi?"

"Majini huko."

Nilifika ufukweni pumzi imeniishia. Mbele ya matete, pale maji yanapoanza kuwa meusi, kitu cha kijani kilikuwa kinaelea, kimetuna katikati kama nguo iliyoingiwa na hewa. Mimi siwezi kuogelea. Niliingia hivyo hivyo, tope likinivuta, maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, huku nikipiga mayowe ambayo hata sikuyajua kuwa ni yangu. Nikakishika. Kilikuwa magugu. Nikayavuruga yote kwa mikono nikitafuta kilichokuwa chini yake, na chini yake hakukuwa na kitu ila maji.

Nilikata tamaa. Nilisimama mle majini nikiwa na hakika kwamba mama yuko humu humu, mahali fulani karibu na miguu yangu, na kwamba nimemuua kwa ajili ya suruali ya mtu. Nikamwomba Mungu, kisha nikagombana naye, kisha nikamwomba tena.

Kipenga kikalia huko juu. Ilikuwa saa ya kufunga. Nikapanda mlima nimelowa chapachapa ili nikawaombe walinzi watafute watu wa kuzamia, na karibu na stoo ya vifaa nikamsikia msimamizi, mama mmoja mnene, anagomba.

"Wewe bibi, umetoka kundi gani? Ufagio unarudishwa stoo, huendi nao nyumbani!"

Mama yangu alikuwa ameukumbatia ufagio, mkavu, mzima, pembeni yake lundo la majani lililopangwa vizuri kuliko ya wote. Nikamrukia. Akanisukuma taratibu.

"Pole, dada. Umelowa. Wageni hawaruhusiwi kuingia majini."

"Mama, ni mimi. Twende nyumbani."

"Siondoki na mtu nisiyemjua."

Msimamizi akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Peku, tope tupu, nimemng'ang'ania mzee wa watu.

"Bibi, huyu ni mwanao?"

Mama akanichunguza kwa huruma ya kweli. "Hapana. Maskini, sijui ana matatizo gani."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote niliyoyapitia huko majini. Nikajifuta uso, nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Nimepotewa na mama yangu. Naomba unisaidie kumtafuta."

Mama akaudondosha ufagio palepale. Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu kama tunavuka barabara. "Ungesema mapema. Amevaaje?"

"Gauni la kijani."

"Tutampata. Usilie."

Tukaenda hivyo, mimi nikimwongoza kuelekea langoni, yeye akichungulia nyuma ya kila mti na kuinama chini ya kila benchi. Kila nilipokwama kwa kilio alinipapasa mgongoni. Miaka mingi alikuwa hajanipapasa hivyo.

Langoni mlinzi alikuwa ameshika mnyororo, anatusubiri. Mama akasimama.

"Hatujampata."

"Tutarudi kesho, mama."

Akauchomoa mkono wake. "Kesho? Mama yako alale humu peke yake? Mtoto gani wewe?"

"Labda ametangulia nyumbani."

"Umemwona kwa macho yako?"

Mlinzi akatikisa funguo, akakohoa.

"Haya ita," mama akasema, machozi yanamlengalenga. "Ita kwa nguvu, akusikie."

Nikamtazama usoni, nikaita, "Mama!"

Akatega sikio upande wa msituni, akaniwekea kidole midomoni ninyamaze, tusikie kama ataitika.