Sauti ya Ziwani

Solrun alifika kituoni kwetu mpakani, kaskazini kabisa mwa Norwe, Aprili ya mwaka themanini na tisa. Wanaume tulikuwa kumi na tisa, mwanamke yeye peke yake. Suruali ya jeshi aliyopewa ilimfika kifuani, na bafuni aliingia sisi tukishamaliza maji ya moto.

Wiki ya pili redio ikaanza vituko. Mimi ndiye niliyekuwa mshika redio. Kila doria ilipokaribia ziwa, sauti ya mwanamke ilisikika, tulivu, kama anasoma orodha: "Msivuke. Barafu haibebi."

"Dada, mchezo huo uache," nilimwambia Solrun mezani.

"Mchezo gani? Nilikuwa jikoni namenya viazi."

"Kumbe viazi navyo siku hizi vinaongea redioni," mwenzetu mmoja akasema. Wakacheka.

Sajenti Torgeir hakucheka. Alimpa Solrun adhabu ya kuzoa theluji uani siku kumi. Solrun akazoa.

Adhabu ilipokwisha tulitoka doria watatu: sajenti, Solrun, na mimi na redio mgongoni. Ilikuwa adhuhuri, ukungu, hakuna upepo. Ukingoni mwa ziwa redio ikakoroma.

"Torgeir. Msivuke. Barafu haibebi."

Nikamgeukia Solrun. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, midomo ameifumba.

Sajenti akaketi kwenye theluji.

"Ni Gudveig," alisema. "Tabibu wa kikosi chetu, miaka kumi iliyopita. Alisema maneno hayo hayo, hapa hapa. Nikamwambia, binti, kama unaogopa rudi jikoni. Basi akatangulia yeye, barafu ikammeza." Akavua kofia. "Niliijua sauti tangu siku ya kwanza, Solrun. Nikakuadhibu wewe."

Solrun aliidunga barafu kwa fimbo yake. Fimbo ikazama bila kishindo, maji meusi yakapanda.

"Tunazunguka," alisema. "Nifuateni."

Jioni Torgeir alimwomba radhi mbele ya wote.

"Yangu nimeipokea, afande. Ya Gudveig kamwombe mwenyewe."

Asubuhi Torgeir alikwenda ziwani na redio, peke yake. Kwenye redio ya kituoni tulimsikia akimwomba Gudveig radhi. Kisha tukasikia mtu akipumua, ambaye hakuwa yeye.

"Usije karibu zaidi," sauti ikasema. "Rudi kwa watu wako."

Alirudi. Aliona nini, hakutuambia. Tangu siku hiyo doria za ziwani ziliongozwa na Solrun, na hakuna aliyembishia.