Risasi za Akiba Hukaa Kitako

Jana Jumapili, baada ya misa na sahani kubwa ya ugali kwa mlenda, nilijinyoosha kitandani kwa nia ya kufumba macho dakika kumi tu. Sikuwa nimevua hata viatu nilipoota kwamba bunduki ya kijiji imekaa kwenye kiti changu.

Imekaa kabisa, imekunja nne. Bunduki hii ni ya zamani kuliko mimi, kwa hiyo naiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Simama hapo."

"Umekalia kiti changu."

"Mimi nina kitako," inasema. "Mwenye kitako hukaa. Wewe simama, tuna kikao."

Nasimama. Sioni cha kubishia.

Kabla sijaendelea, ni vizuri ieleweke kikao kilihusu nini. Mimi, Beatus Kobelo, ndiye mlinzi wa mashamba ya kijiji chetu, huku chini ya milima ya Uluguru. Kazi yangu ni kuwafukuza nyani kwenye mahindi kwa kupiga risasi hewani. Bunduki niliyokabidhiwa ni ya mitutu miwili, ile inayovunjwa katikati, inapakiwa risasi mbili nene nyekundu zenye shaba upande mmoja, basi. Ya tatu lazima itoke mahali pengine. Yangu ilikuwa ikitoka mfukoni.

Wiki iliyopita kundi la nyani liliingia shamba la mama mkwe wangu, Mama Perpetua, naye akiwa amesimama pale pale ukingoni. Nikapiga moja. Nikapiga mbili. Nikaingiza mkono mfukoni, nikachomoa, nikapakia, nikaelekeza mitutu juu, nikafyatua. Kimya. Niliposhusha mitutu kutazama kulikoni, ikatoka betri ya redio, ile ndogo, ikadondoka miguuni pa mama mkwe.

Nyani wakala nusu ya shamba. Mama mkwe akaiokota betri, akaipangusa kwa pindo la kanga, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha maana. Tangu siku hiyo nilikuwa nikizunguka njia ya mtoni ili nisipite mlangoni kwake. Ile nusu iliyobaki ndiyo chakula chake mpaka mwakani, na nyani wanaijua. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa ameniambia nichague namna nyingine ya kubeba risasi za akiba kabla ya Jumatatu, la sivyo bunduki atapewa Tibursi, ambaye hulala akiwa amesimama.

Haya, turudi kwenye kikao.

"Waingie," bunduki inasema.

Wanaingia risasi watano. Wamevaa majoho mekundu na kitu cha shaba ambacho sikuweza kujua ni kofia au viatu, maana wengine wamekivaa juu na wengine chini. Wanajipanga ukutani, chini ya picha yetu ya harusi.

"Sisi ni akiba," anasema mkubwa wao. "Tunatafuta pa kukaa."

Bunduki inakohoa, inatoa moshi kidogo, inasoma sheria. Sheria ni moja tu: risasi ya akiba hukaa mahali ambapo mkono utaikuta bila kuuliza macho.

Macho yangu yaliposikia kwamba hayataulizwa, yakasusa. Yakatoka usoni, yakapita mlangoni, yakaenda kukaa barazani na kuku. Niliyaita mara mbili, hayakuitika. Ikabidi niendelee na kikao nikionea kiwiko cha kulia, ambacho huona vizuri vitu vya karibu ila bluu hakiipati.

"Mimi nitakaa ubavuni," anasema risasi wa kwanza, anajibandika ubavuni mwa bunduki, karibu na kifyatulio. Wenzake wanamfuata, wote upande ule ule.

"Naegemea," bunduki inasema.

Ni kweli, inaegemea. Nyumba nayo inaegemea. Sufuria zinateleza kutoka jikoni, zinapita sebuleni kwa adabu, zinatokea mlango wa mbele. Bunduki inawaambia risasi washuke. Wanashuka, nyumba inasimama wima, sufuria zinarudi zikisema hodi.

Wa pili anataka mkanda wa begani. Mkanda unaingia wenyewe, ni mkanda wenye haraka, unanifunga kifuani na kuwaambia wapande. Wakishapanda, unaanza kunizunguka. Nikitafuta risasi mbele, wameshafika mgongoni. Nikigeuka, wamehamia mbele. Nageuka mara saba, na kila mara mkubwa wao ananipungia mkono akipita.

"Ni raha," ananiambia. "Ila hatufiki."

"Basi mfukoni," nasema, kwa sauti ndogo, kwa sababu hata ndotoni niliikumbuka ile betri.

"Twende tukaone," bunduki inasema.

Naingiza mkono mfukoni. Mkono unazama mpaka kwenye kiwiko, kiwiko kinazama mpaka begani, na baada ya hapo mimi mzima nimo ndani.

Ndani ya mfuko wangu kuna ofisi. Kuna benchi refu na foleni: funguo mbili, ganda la karanga, kipande cha mua, rozari ya marehemu bibi. Risasi wangu watano wako mwisho kabisa, wamekwisha kuchoka. Nyuma ya meza amekaa betri.

"Jina?"

"Beatus Kobelo."

"Shida?"

"Nyani wako shambani. Naomba risasi."

"Chukua namba."

Nachukua namba. Ni arobaini na sita. Nauliza kwenye benchi wamefikia namba ngapi.

"Tatu," unanijibu ufunguo mmoja. "Tangu Pasaka."

Betri ananikazia macho. "Sisi tumewahi kuonana."

"Tumeonana. Naomba radhi sana."

"Usiombe. Mtutu wako ni safi, ndani unang'aa, na kwa upande wa pili niliona mbingu. Betri wangapi wameona mbingu?" Anapanga karatasi zake. "Ila nilipotua nilimwona mama mkwe wako usoni. Yule mama hakukasirika, Kobelo. Alikuwa anakuonea huruma."

Hilo liliniuma kuliko kelele zote ambazo mama mkwe angeweza kunipigia. Sikungoja namba yangu. Napapasa mshono wa mfuko, napata tundu nililoambiwa nishone tangu mwaka jana, napenya, bunduki ikinifuata nyuma, natokea shambani.

Ni shamba la mama mkwe, ile nusu iliyobaki. Katikati ya mistari kuna meza imetandikwa kitambaa. Nyani dume mzee ameketi kichwani pa meza na jamaa zake wote, na birika la kunawia liko tayari.

"Afande," ananisalimu. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Mnafanya nini hapa?"

"Tunakusubiri wewe. Sisi ni watu wa utaratibu, hatuli ovyo. Unapiga moja, unapiga mbili, halafu tunanawa."

"Na tatu?"

Nyani wanatazamana. Mke wake anamnong'oneza kitu sikioni.

"Tumeulizana," dume anasema. "Huyo hatumfahamu. Wiki iliyopita baada ya mbili ilidondoka betri, lakini betri hatuhesabu."

Hapo kiwiko changu kinamwona Mama Perpetua anakuja kutoka upande wa mtoni. Ana mzigo wa kuni kichwani, ndoo mkononi, jembe begani, na mgongoni, ndani ya mbeleko, amewabeba risasi wangu watano, wamelala fofofo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Hawa nimewatoa kwenye foleni. Mdogo wao alikuwa ameanza kulia."

Nainamisha uso, ingawa macho yenyewe hayapo.

"Mkwe wangu," anasema bila kutua kuni, "mimi nimebeba maji, kuni, watoto saba, na marehemu baba mkwe wako siku ile alipovunjika mguu kule mlimani. Katika wote hao hakuna niliyemweka mfukoni."

"Ndiyo mama."

"Huyu wa mgongoni namjua yupo kwa sababu ananigusa. Akiacha kunigusa, najua ameanguka. Sina haja ya kugeuka kumtazama."

Anatua mzigo, anaketi juu ya tuta, anachana kipande cha kanga, anaiomba bunduki. Bunduki inampa kitako yenyewe, bila neno, ile bunduki iliyonisimamisha nyumbani kwangu. Anakivalisha kitako kile kipande na kuanza kushona. Kisha anachomoa, kutoka mahali nisipopataja, mpira mweupe.

Mpira unasafisha koo. "Mimi ni mpira wa kiuno wa gagulo la mama mkwe wako," unasema. "Usinitazame."

"Macho yangu yako barazani na kuku," nasema, na ni kweli tupu. Kiwiko nacho nakificha nyuma.

Mtu asiye na mama mkwe hawezi kuelewa hali niliyokuwa nayo. Mimi hata kamba anayoanikia nguo siipiti karibu, huvuka upande wa pili wa njia na kujifanya nakagua mihogo ya watu. Na sasa mpira ule unashonwa kwenye bunduki niliyokabidhiwa kwa barua yenye muhuri.

Anashona vitanzi vitano vilivyobana. Risasi wanaamshwa wakae, na hapo hapo ugomvi unazuka juu ya shaba. Watatu wanasema ni viatu, iwe chini. Wawili wanasema ni kofia na hawako tayari kusimama kichwachini mbele za watu.

Mama mkwe anakata uzi kwa meno. "Si kofia wala viatu. Mtoto akiinuliwa hushikwa kwapani. Hapo penye shaba ndipo kwapani penu, basi pakae upande wa vidole."

Risasi wanajikagua kwapani. Wanaona ni kweli. Wanaingia kila mmoja kwenye kitanzi chake, wanakaa kitakoni wametulia, na bunduki haiegemei upande wowote.

"Haya, mkwe," anasema. "Wahesabie wageni."

Napiga moja.

"Moja," wanaitikia nyani.

Napiga mbili.

"Mbili," wanasema, na birika linaanza kuzunguka. Dume mzee anakinga mikono anawishwe. Naivunja bunduki, maganda matupu yanaruka, na mkono wangu unarudi nyuma peke yake. Haumwulizi mtu. Unagusa kanga, unagusa mpira, unagusa kwapa la baridi la mdogo wao, yule aliyekuwa analia. Anakuja bila ubishi.

Napiga tatu.

Birika linaanguka. Dume mzee anatazama mkono wake, anakunja kidole kimoja, anakunja cha pili, kisha anabaki amekishika cha tatu kama kitu alichookota njiani.

"Huyu ametoka wapi?" anauliza.

"Kitakoni," namjibu.

Anafikiri kidogo. Anakunja kitambaa cha meza, anamuaga mama mkwe kwa heshima, anaondoka na jamaa zake kuelekea mlimani, bado amekishika kidole chake. Macho yangu, yaliposikia mlio wa tatu, yakatoka mbio barazani kuja kuona yamekosa nini. Yakaja kwa kasi mno, yakanigonga usoni, nikaamka.

Dakika kumi zilikuwa zimekuwa saa tatu nzima. Jua lilikuwa limeshafika dirisha la nyuma. Nje nilimsikia mke wangu Melania akipukuchua mahindi, na kuku wakigombania punje.

Nikaenda sebuleni. Bunduki ilikuwa pale pale nilipoiegemeza, nyuma ya mlango, tupu kama nilivyoiacha. Ila kitako chake kilikuwa kimevalishwa kipande cha kanga ya maua ya njano, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka. Juu ya kanga kulikuwa na vitanzi vitano vya mpira mweupe.

Sikuvigusa. Nilitoka uani.

"Mama Skola," nikamwuliza mke wangu, "nani alikuwa hapa?"

"Mama alipita ulipolala. Kaomba sindano, kakaa humo ndani na bunduki yako mlango kaufunga. Kasema usiamshwe, umechoka."

"Kasema nini kingine?"

"Hajasema kitu. Wakati anaondoka kaomba pini."

"Pini ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Kataka kubwa, ile ya nepi. Kaondoka kajishika kiuno."

Nikarudi ndani. Nikatoa risasi moja kwenye kopo ninalolifungia kabatini, nikaigeuza shaba upande wa vidole, nikaisukuma kwenye kitanzi cha kwanza. Ikabanwa vizuri, ikakaa. Nilisimama pale nimekishika kile kitako kwa mikono miwili, na machozi yakanitoka. Macho yalifanya hivyo yenyewe, hakuna aliyeyauliza.

Jioni sikuzunguka njia ya mtoni. Nilipita mlangoni kwa mama mkwe, nikamwamkia huku nikilitazama paa la nyumba yake, naye akaitikia.