Kiti cha Mama Pasi

Asubuhi hiyo mchoraji alikuwa amejilaza kwenye kochi, kitabu kizito cha picha kimemkalia tumboni, akifanya utafiti. Mkewe alikuwa ameondoka zamani. Alikwisha kuchota maji, kupika uji, kuwavalisha watoto na kuwafikisha shuleni, na sasa alikuwa kwenye kampuni ya kufulia, amesimama mbele ya meza yake, akinyoosha shuka za hoteli. Huko wenzake walimwita Mama Pasi. Nyumbani mchoraji alimwita mama watoto, hasa alipotaka chai.

Kazi aliyokuwa akiifanyia utafiti ilitoka kwenye kampuni hiyohiyo. Meneja alitaka ukuta mrefu wa ukumbi wa pasi uchorwe, Bidii upande wa kushoto, Uvivu upande wa kulia, ili mfanyakazi akiinua macho ajue anatakiwa awe nani. Mama Pasi ndiye aliyemwombea mumewe nafasi hiyo, na alikuwa na lake moyoni. Msimamizi wa ukumbi alikuwa anastaafu, na meneja alikwisha kumdokeza kwamba atamrithi yeye. Msimamizi alikuwa na kiti. Wengine wote ukumbini walisimama tangu king'ora cha asubuhi hadi cha jioni.

"Uchore vizuri, baba watoto," alimwambia. "Usije ukaniaibisha."

"Mimi nimekuaibisha lini?"

Mkewe akaanza kukumbuka, kisha akaona atachelewa kazini.

Mchoraji hakuwa mtu wa kukurupuka. Alianza na watu wa kale kabisa, ambako mfalme amekaa kitako na safu ya watu wadogowadogo wanaburuta mawe. Akafunua kurasa, akaja kwenye nyumba za matajiri. Bibi mmoja mnene alikuwa amelala kwenye mashuka na mito ya hariri mchana kweupe, na picha iliitwa Mapumziko. Ukurasa uliofuata mpishi alikuwa amesinzia kando ya jiko, paka anaondoka na nyama, na picha iliitwa Uvivu. Usingizi ulikuwa uleule, hata mdomo uliachama vilevile. Mbele zaidi kulikuwa na wavunaji waliochorwa migongo mitupu, na baada yao mabango ya vijana wenye misuli, nyundo mkononi, wasiotoka jasho hata tone. Wachoraji wenyewe walikuwamo pia. Katika zama zote hizo hakuna hata mmoja aliyejichora amelala. Kila mmoja alisimama wima, brashi mkononi, amekunja uso kama anayebeba gunia. Mchoraji aliwaangalia kwa heshima, akageuka upande wa pili wa kochi.

Mkewe aliporudi jioni, mchoraji alimwonyesha yule bibi wa mito ya hariri.

"Nani kamfulia hayo mashuka?" mkewe akauliza.

"Hajachorwa."

"Ahaa," mkewe akasema, akaketi ukingoni mwa kitanda avue viatu. Alivua kimoja. Cha pili kilibaki mguuni, kwa kuwa usingizi ulimchukua hapohapo, mkono mmoja ukining'inia, mdomo wazi. Mchoraji akashika penseli upesi. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumpata akiwa ametulia kiasi hicho. Alimchora shingo, kiwiko, kiatu kimoja, na moyo wake ukafurahi, maana alikuwa amempata Uvivu.

Bidii ilimtesa zaidi. Alihitaji mtu wa kusimama mbele yake bila kufanya lolote, na watu wa aina hiyo ni wachache, wengi wana kazi. Mwishowe alimpata mmoja kwenye kioo. Akajichora amekunja mikono ya shati, kifua mbele, pasi mkononi. Misuli aliiazima kwenye mabango.

Ukuta ulizinduliwa, watu wakapiga makofi. Mama Pasi alijiona upande wa kulia, amelala na kiatu kimoja, juu yake herufi kubwa nyekundu: UVIVU. Akamgeukia mumewe. Mumewe akajitia hamnazo, akapangusa brashi ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake, kabla king'ora hakijalia, yule mwanamke wa ukutani aliamka. Alitafuta kiatu chake cha pili, akakipata chini ya kitanda cha rangi, akakivaa. Kisha akavuka hadi upande wa kushoto, akachukua pasi mkononi mwa Bidii na kuanza kazi. Bidii alisimama kidogo, kifua mbele, akisubiri kama ataambiwa neno. Hakuambiwa. Akaenda kulala kwenye kitanda kilichoachwa wazi.

Wapiga pasi waliinua macho, wakasalimia, wakaendelea. Mmoja alisema afadhali wamepata mtu wa kuwasaidia. Ikaonekana kwamba shuka ikitundikwa karibu na ukuta hushuka imenyooka, pindo hadi pindo, na mvuke wake bado moto. Meneja alikuja kuikagua, akaipapasa, akaagiza kamba ndefu zaidi. Shuka ziliongezwa. Yule wa ukutani hakulalamika, hakuchorwa na uwezo huo.

Siku ya kumtaja msimamizi mpya, meneja alimwita mchoraji ofisini.

"Mkeo ni mchapakazi, sikatai," alisema. "Lakini nitawaambiaje watu? Uvivu nimkabidhi ukumbi mzima?"

"Mzee, huyo Uvivu ndiye anayefanya kazi. Hapa ukumbini na pale ukutani."

"Naona, macho ninayo. Ila maandishi yapo juu yake, na ni makubwa. Sura ya Bidii tunayo, ni yako. Watu wameshaizoea."

Mchoraji alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nilikosea mimi. Yalikwisha kufika kwenye ulimi. Angeweza hata kuomba ngazi na kopo la rangi akayabadilisha yale maandishi kabla ya chakula cha mchana. Badala yake alikohoa, akauliza kama kiti kinakuja na mto wake.

Kilikuja na mto. Siku ya kwanza alikaa kwa aibu, makalio nusu. Siku iliyofuata aibu ilipungua, maana kiti kilikuwa kizuri kweli, na mtu akikaa pale anaona watu wote wanavyofanya kazi. Alitamani kuwachora, akaona atachoka. Watu walimsifia jinsi anavyoijua kazi ya mikono, kilemba cha ukoka hicho, naye akakiinamia ili kimkae vizuri.

Nyumbani mkewe hakupiga kelele. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya.

"Ilikuwa nafasi yangu," alisema. "Miguu yangu inavimba, wewe unajua. Usiku unanisikia nikiugua."

"Nitazungumza na meneja, mama watoto. Wallahi tena."

"Lini?"

"Kesho."

"Basi mimi niache. Lakini yule wa ukutani hata nyumba ya kurudi hana. Ulimchora wewe. Mchoree kiti."

Roho ilimsuta mchoraji, na safari hii ilimsuta vibaya. Kwa wiki nzima alisema kesho, kisha kesho ikamchosha, akaamka mapema na kubeba rangi zake. Alichora kiti kando ya meza ya pasi ukutani. Hakuwahi kuchora kitu vizuri hivyo. Alikitia mgongo wa kuegemea, mto wa kijani, na kigoda kidogo cha kuinulia miguu. Jasho lilimtoka, la kweli. Yule mwanamke wa ukutani alikuwa akimtazama. Alipoona miguu minne imekamilika, aliisimamisha pasi yake, akajifuta mikono kwenye aproni.

Bidii akaamka. Alijinyoosha, akavuka ukuta kwa hatua zake ndefu, akaketi kwenye kiti kabla rangi haijakauka, akakunja nne, miguu juu ya kigoda.

Ukumbini watu waliinua macho, wakaona kuna shuka nyingi, wakayainamisha. Mama Pasi alisimama akaitazama ile picha, kisha akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha msimamizi kidogo tu, apumzishe mkono.

"Umekichora vizuri," alimwambia.

Akavuta shuka nyingine. Ukutani, mwenzake naye akavuta yake.