Swahili Iliyosahihishwa

Djamila alisomea kompyuta Lubumbashi, kisha akarudi kwao Kamina, kusini mwa Kongo, kwa sababu kazi haikupatikana. Baba yake, Omari, aliuza vitambaa sokoni. Djamila alibaki nyumbani na kompyuta yake, akitafuta cha kufanya.

Mama Émerence, muuguzi wa zahanati ya jirani, ndiye aliyemwonyesha programu ya chanjo za watoto. Ilikuwa programu huria: mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, kuirekebisha na kurudisha marekebisho yake. Kwa simu tu, mzazi angejua mtoto wake amebakiza chanjo gani. Lakini kurasa zake zilikuwa za Kifaransa na Kiingereza.

"Tia Swahili, mutoto yangu," Mama Émerence alimwambia. "Bamama bengi habasomake Kifaransa."

Kuiandaa kwenye kompyuta kulimtesa. Mafaili yalishuka nusu, mtandao ukakatika, akaanza upya. Ukurasa ulipofunguka hatimaye mbele yake, alicheka peke yake. Akatengeneza kitufe cha kubadilisha lugha, halafu akageukia maneno. Kila sentensi alimsomea mama yake, Amisa. Amisa akikunja uso, Djamila aliifuta na kutafuta nyingine. Ndivyo yalivyopatikana "Finya hapa" na "Mutoto wako anabakiza shindano moya," maana Kamina sindano huitwa shindano. Mwishowe Amisa, aliyeacha shule mapema, alishika simu akapita ukurasa hadi ukurasa bila kuuliza.

"Inasema sawa vile siye tunasemaka," alisema.

Djamila akatuma kazi yake kwa wasimamizi. Kitufe walikisifu. Maneno wakayapeleka kwa mkaguzi wa Kiswahili, mtu wa pwani, mwenye kujitolea kama yeye. Alikuwa mpole. "Kazi nzuri, dada," aliandika. "Nimesahihisha makosa." Alikuwa amebadilisha karibu kila mstari. "Finya" ikawa "bofya". "Shindano" ikawa "chanjo", na pembeni akaeleza kwamba shindano ni la mpira au la mbio.

Djamila aliomba Swahili ya Kongo iwekwe kama lugha inayojitegemea. "Si makosa," aliandika. "Ndivyo tunavyozungumza. Mama yangu anaielewa."

"Tukianza hivyo, kila mji utadai chake," mkaguzi alijibu. "Mama atazoea."

Wasimamizi wakaufunga mjadala.

Bado Djamila alikuwa na haki ya kuichukua programu nzima na kuiendesha kando, kwa maneno yake. Akafanya hivyo. Lakini zahanati ilipata dawa kutoka kwa shirika la kigeni, nalo lilitaka toleo rasmi tu. Mama Émerence alikuja mwenyewe kumweleza. Aliongea huku akitazama mlango.

"Minyi sina nguvu, Djamila. Bale banaleta dawa njo banaamua."

Toleo rasmi lilipoanza kutumika, Amisa alilifungua, akasoma polepole, akarudisha simu.

"Hii Swahili iko ya bantu ba wapi?"

Kama wasimamizi wangekataa kila kitu, Djamila angesahau. Lakini kitufe chake walikichukua, nacho kilifanya kazi vizuri kila mahali duniani. Mama yake ndiye waliyemtupa.

Siku hizi, kila chanjo inapotolewa, zahanati humwita. Huketi kwenye benchi katikati ya kina mama, akiwasomea simu zao na kuwaeleza kwa yale maneno yaliyofutwa. Hata asante ya mkaguzi, iliyokuja baadaye pamoja na ombi la kutafsiri kurasa mpya, hakuijibu.

Juzi Phébé, msichana mwenye mtoto wa kwanza, alishuka hadi mwisho wa ukurasa, palipoandikwa majina ya waliochangia.

"Jina yako iko hapa, yaya," alisema, akimwita dada kwa heshima. "Njo weye uliandika hii?"

"Hapana," Djamila alisema. "Leta simu nikusomee."