Behewa la Familia

Ijumaa, nikishaosha vyombo vya mchana, huwa namwambia madam kwamba nakwenda kupunga hewa. Yeye hucheka, kwa sababu Riyadh mwezi wa tisa haina hewa ya kupunga. Lakini huniachia saa zangu, namshukuru kwa hilo, nami hushuka kwa ngazi za umeme mpaka chini ya ardhi, nikapanda treni ya laini ya buluu, behewa la familia.

Hiyo ndiyo nyumba yangu na Pius. Mume wangu analala kambini na wanaume wengine, vitanda juu ya vitanda. Mimi nalala kwenye chumba cha kupigia pasi. Katika mji huu wote hapana mahali ambapo mke na mume kutoka Mwingi wanaweza kuketi pamoja bila mtu kuwauliza kitu, isipokuwa humu. Mwanamume peke yake haruhusiwi behewa hili, kwa hiyo Pius hunisubiri stesheni, kando ya mlango, kama mtu anayengoja kuitwa kizimbani. Milango ikifunguka ananiona, anaingia, anakuwa na familia. Tunakwenda mpaka mwisho wa laini, tunageuka na treni, tunarudi. Siku nyingine hata hatuongei. Ananilalia begani tu, nami namwacha alale.

Pius ni mmoja wa waliochimba shimo hili. Kabla sijaja nilikuwa nikiona picha zake amevaa kofia ya njano, uso mzima vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana. Sasa tukipita ananionyesha gizani, ingawa hakuna cha kuonekana: hapa maji yalituingilia, hapa mwamba ulikataa, hapa Mnepali mmoja alipika dengu tukala sote. "Na mtandao haukatiki humu hata kidogo," hujivuna. "Nyaya tulitandaza sisi." Lakini kazi imekwisha. Treni inajiendesha yenyewe, haina hata dereva, na kampuni iliyomleta inawarudisha watu makwao kundi kwa kundi.

Wengine walilia. Mimi nilifurahi. Tulikuwa tumeahidiana kwamba laini ikiisha, Pius arudi nyumbani, mimi nimalizie mkataba wangu. Maryann wetu anaanza shule Januari. Nilimwacha hajui hata kufunga kifungo. Tukasema, siku ya kwanza ya shule mmoja wetu lazima awepo, amshike mkono mpaka getini. Mtoto mwenyewe ameshamtangazia kila mtu kijijini.

Ijumaa moja Pius aliingia amenyoa, shati limenyooka. Nikajua tikiti imetoka.

"Baba Maryann, leo umependeza. Unaruka lini?"

"Ngoja nikae kwanza."

"Kaa. Nani amekukataza?"

Akaketi. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu. Treni ikaondoka.

"Hezron, yule tuliyechimba naye, amenipatia kazi Jeddah," akasema. "Majengo. Ana chumba mtaa wa Bani Malik, tutagawana kodi. Na kutuma pesa ni hapo Sharafiya tu, unavuka barabara."

Nilidhani ananitania. Pius ana utani wa namna hiyo, wa uso mkavu.

"Na Maryann?"

"Maryann atasoma. Ndiyo maana naenda."

"Sikukuuliza kama atasoma."

Akatazama dirisha. Humu chini dirisha ni kioo tu, unajiona mwenyewe.

"Basi mwambie huyo Hezron hapana," nikasema. "Mwambie mke wangu amekataa. Nisingizie mimi, sitajali."

"Mueni, ikama yangu, kibali cha kukaa, imeshahama. Kafili mpya, tajiri wa huko, ameshakubali. Halas, imekwisha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

Mwezi uliopita tulikutana humu kila Ijumaa. Alilala begani mwangu kila Ijumaa.

"Kwa hiyo ulikuwa unalala, au ulikuwa unajificha?"

"Punguza sauti, mama."

"Nimepunguza. Nyumbani ningekuwa nimeita majirani."

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Kisha akaanza kunieleza polepole, kwa sauti ya kumbembeleza mtu mgonjwa. Akirudi Mwingi atafanya nini? Mvua haieleweki. Mbuzi wa mama yake wamebaki wa kuhesabu kwa jicho moja. Yeye anajua kuchimba na kumwaga zege, na Mwingi nani anachimba?

"Kule kuna mtoto wa kushika mkono," nikasema.

"Mkono haulipi karo."

"Umewajengea watu wa Riyadh njia ya kwenda kila mahali, Pius. Ya kwenda kwako ndiyo ikakushinda."

 Najua nilimchoma, na nilitaka achomeke.

Hapo simu yake ikaita. Ni mama yangu, Rael. Ijumaa saa hizo humpa Maryann atusalimie. Pius akaitazama simu kama ya mtu mwingine. Nikaibonyeza mimi, nikamwelekezea yeye. Uso wa mtoto ukajaa kioo chote, pua mbele.

"Baba, ndege imefika?"

"Mwanangu, hujambo?"

"Nimemwambia mwalimu ni wewe utanileta. Amesema atakupa kiti."

Nilimtazama Pius. Nilikuwa tayari kumsamehe Jeddah, nasema kweli, kama angemwambia mtoto wake ukweli kwa kinywa chake. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Baba?"

"Sikusikii, mama," akasema. "Treni imeingia shimoni. Mtandao mafi, hakuna. Nitapiga."

Akakata. Mtoto alikuwa angali anaonekana waziwazi, mpaka kope zake, alipomkata.

Treni ilipofika stesheni nikasimama. Haikuwa ya kwetu kushukia. Pius akanishika mkono wa gauni, "Mueni, unakwenda wapi, tumalize mazungumzo," lakini milango ilishafunguka, nami nikatoka. Alibaki ndani, amesimama katikati ya wake na waume za watu. Mama wa viatu akamvuta mwanawe karibu. Treni ikamchukua.

Nikakaa kwenye benchi la mawe nikapiga Mwingi kwa simu yangu.

"Mumeo amekata," mama akalalamika, "na huku mtoto amelia hadi basi."

"Nipe Maryann, mama."

Nilisikia akipangusa kamasi.

"Baba haji Januari," nikamwambia. "Amepata kazi mahali pengine. Ni mbali pia."

 Kuku walikuwa wakigombana nyuma yake.

"Na wewe?"

"Mimi bado, mwanangu. Nitamwomba bosi wangu. Akikataa, ni mwaka ule mwingine."

"Sasa nitaenda na nani?"

"Na nyanya."

"Nyanya haoni magari. Juzi pikipiki ilitaka kumgonga."

Hilo nilikuwa silijui. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Basi wewe ndiye utamshika mkono," nikasema. "Umvushe barabara. Utaweza?"

"Nitaweza," akasema. Alisema upesi, bila kulia tena, kama mtu mzima aliyepewa kazi.